Ng'ombe Wenu Wananywa Wapi?

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msianze kucheka kabla sijamaliza. Najua mtasema huyu bibi wa Bariadi ameishiwa kazi mpaka anaandika habari za tamthilia ya viumbe wa angani. Chekeni, lakini someni. Shule mimi niliionja tu, nikaitwa kuchunga ndama. Ila macho ninayo, na yule kijana wa kwenye televisheni nimemtilia shaka tangu siku ya kwanza alipotokea katikati ya mvua na viatu vikavu.

Nisidanganye, tamthilia yenyewe naipenda. Ni ya nchi za mbali, imetiwa Kiswahili na mwanamume mmoja mwenye sauti nzito, yeye ndiye baba, yeye ndiye mama, yeye ndiye binti anayelia. Nimeshamzoea. Jumamosi mchana vyombo vikishaoshwa, wa nyumba hii ya mwanangu wanajua kiti changu ni kipi na hakuna anayekikalia. Lakini kupenda kitu siyo kukiamini. Ng'ombe mkali naye unampenda, na bado humgeuzii mgongo.

Jumamosi ninayoisema, sebuleni nilikuwa na mkwe wangu, mke wa mwanangu. Mjukuu wangu wa kike aliye kidato cha tatu. Na rafiki yake anayesoma naye. Huyo rafiki ndiye aliyenikosesha raha wiki zile. Alikuwa anakuja mapema kabla hajaitwa, na kuondoka ni mpaka jua lizame. Ukimuuliza anakaa wapi, anasema "pale juu". Pale juu wapi? Bariadi ina juu ngapi? Halafu alikuwa mwepesi mno wa kazi. Sahani hujaimaliza, ameshaipokea anakwenda kuosha. Mtoto wa watu anayegombania kuosha vyombo vya nyumba isiyo yake, mimi huyo namwangalia mara mbili.

Tena kulikuwa na habari ya michembe. Ndugu yangu wa Sapiwi huniletea viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kuanikwa, navihifadhi jikoni kwenye ndoo yenye mfuniko. Ndoo ilikuwa inashuka. Wajukuu zangu michembe hawaitaki, wao ni watu wa chipsi. Mwanangu anasema inamkumbusha shida. Basi nani anakula? Nilikuwa nimeshakata shauri: tamthilia ikiisha, namwita yule binti jikoni, namwambia nyumba hii asiikanyage tena.

Sehemu ya siku hiyo ilikuwa ile ambapo kijana wa angani anakaribishwa chakula nyumbani kwa binti anayempenda. Ninyi mnaoifuata mnaijua, na mlipiga makofi. Mimi nawaambia imeandikwa ovyo. Mgeni anafika mlangoni, mbwa wa nyumba anabweka, manyoya yamesimama mgongo mzima. Baba mwenye nyumba anafanya nini? Anamfungia mbwa nje, mgeni anamwingiza ndani!

"Ona hao," nikasema. "Mwenye akili ni mmoja tu humo ndani, na huyo ndiye wamemtoa."

Wakakaa mezani. Nikangoja waulize. Baba akamuuliza kijana kama anapenda mpira. Mama akamuuliza kama shule ni ngumu. Basi, wamemaliza. Kijana hatoki jasho, hapepesi macho, maji ya kunawa ameyanywa, na bado watu wazima wawili wameridhika kwamba anapenda mpira. Hakuna aliyesema, mwanangu, wewe ni mtoto wa nani?

"Bibi, wenzetu hawamhoji mtu hivyo," mjukuu wangu akasema. "Ile ni praivasi yake."

"Praivasi ndiyo nini?"

"Mambo yake binafsi."

"Mama yake mzazi ni mambo yake binafsi? Alizaliwa kwa siri?"

"Bibi naye! Sasa akiulizwa akasema katoka angani, si tamthilia itaisha?"

"Iishe! Tutaangalia taarifa ya habari."

Rafiki yake akacheka mpaka akaziba mdomo kwa kiganja. Nikamgeukia. Akaacha kucheka.

Kisha likaja lile la mkate. Kijana alikuwa anakula kidogo na kingi anakisukuma ndani ya koti. Binti mwenyeji akamwona, akatabasamu, eti amependezwa. Mkwe wangu naye akasikitika: "Maskini, anawapelekea wenzake waliojificha kule msituni."

"Maskini wa nini? Si ana mdomo, aombe!"

Nilipolisema hilo nikamtazama rafiki wa mjukuu wangu. Alikuwa haangalii tena televisheni. Alikuwa anaangalia sakafu, na shingo yake imeingia mabegani kama kuku aliyenyeshewa. Nikajua michembe yangu iko wapi. Nilitaka kuinuka saa ileile. Lakini shingo ile nilikuwa nimeshaiona mahali, zamani sana, kwenye lango la kwetu, nikabaki nimekaa.

Kwetu Sapiwi hatukuwa na geti. Mji wetu, yaani boma letu, ulizungukwa na manyara, ule mti wenye utomvu mkali ambao hata mbuzi anauheshimu, umepandwa ukabanana mpaka anayepenya ni kuku tu. Palikuwa na mwanya mmoja wa kuingilia, na pembeni ya mwanya huo ndipo kilipokaa kigoda cha bibi yangu, mama yake baba. Wakati wa pamba alikuwa anakaa hapo kutwa, lundo upande huu, lundo upande ule, anachambua: pamba safi huku, pamba fifi kule. Vidole vyake havikuhitaji macho. Macho aliyaacha njiani.

Ningekuwa na uwezo ningewapeleka mkasikie msimu ule. Asubuhi mnatoka shambani umande haujakauka, maganda makavu ya pamba yanakukwaruza vidole, pamba unaijaza kwenye nguo uliyoifunga kiunoni mpaka watoto wote mnaonekana wajawazito, na mama zetu wanacheka. Mchana upepo wa kiangazi unaleta vumbi jekundu na harufu ya ng'ombe. Jioni mnasikia kengele ya dume la mbele kabla hamjaona kundi. Pamba ilikuwa inalundikwa ndani ya nyumba mpaka karibu na paa, na sisi watoto tulilala juu yake, inawasha mgongo lakini ina joto kama tumbo la ng'ombe. Na chakula! Matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa, yamepikwa yakalainika, karanga zimetwangwa juu yake, na maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Ninyi mnakunywa ya pakiti, haya.

Sasa mgeni akija, hakuwa anaingia. Alisimama nje ya manyara, akasalimia. Kama ni alasiri akasema "mwadila", bibi akaitikia "mwadila", na mikono inaendelea kuchambua. Ndipo maswali yanaanza. Umetoka kwa nani? Ukoo gani? Mama yako alizaliwa wapi? Na mwisho kabisa, lile la kwake mwenyewe ambalo sijalisikia kwa mtu mwingine: ng'ombe wenu wananywa wapi? Sisi watoto tulikuwa tunajificha nyuma ya ghala na kumwigiza, mmoja bibi, mmoja mgeni, tunakufa kwa kucheka. Jirani alizoea kumtania: "Mama, kwako ni nyumbani au ni mahakamani?" Bibi alimjibu kwa neno lilelile kila mara: "Mgeni asiyeulizwa hulala njaa." Tulidhani anawatishia wageni, kwamba asiyejibu hatapewa chakula. Mimi nilimwona bibi yangu ni mtu wa roho ngumu. Nilikuwa namwonea aibu.

Msimu mmoja wa pamba akaja mwanamke kijana na furushi. Alisimama langoni, shingo imeingia mabegani. Akasema ametoka Bukundi, kwao ni wafugaji, anatafuta kazi ya kuchuma. Bibi akauliza yote. Kwenye ng'ombe wananywa wapi, mwanamke akajibu haraka: "Mtoni."

"Mto gani?"

Akahamishia furushi bega la pili. Ninyi hamjui, lakini mtoto wa wafugaji ukimuuliza maji ya ng'ombe, ni wewe utakayemwomba anyamaze. Atakwambia kisima cha nani, zamu ya nani, na ndama gani aliangukia humo. Huyu alijibu kama anayejibu mtihani.

Bibi akampisha aingie, akampa kibuyu cha maziwa asuke. Mwanamke akakishika shingoni, akakitikisa kama dawa ya kikohozi. Maziwa ya kusuka unayalaza mapajani, unayabembeleza yanakwenda na kurudi, kama mtoto. Mama alikunja uso. Baba alinong'ona kwamba afukuzwe, huenda ametumwa kuangalia zizi letu lina ng'ombe wangapi. Miaka hiyo mifugo ilikuwa inaibwa, neno hilo halikuwa la mchezo. Bibi akasema: "Sijamaliza kuuliza."

Kesho yake jirani mchuuzi akapita na baiskeli, ametuletea samaki kutoka upande wa ziwa. Mama alikuwa shambani. Mwanamke yule akachukua kisu bila kuambiwa. Magamba yakaruka! Akampasua samaki mgongoni, akamfungua, akamtandaza, akachukua mwingine, na mdomoni anaimba taratibu. Tulimzunguka kumtazama. Hatukuwahi kuona mikono yenye haraka namna ile. Na bibi akaacha pamba yake, kitu ambacho hakuwa akikifanya, akaja akasimama nyuma yake.

"Mayu," akamwambia, yaani mama, "ng'ombe wa Bukundi siku hizi wana magamba?"

Kisu kikaanguka. Yule mwanamke akajifunika uso kwa mikono yenye damu ya samaki, akalia. Kwao ni Kalemela, ziwani. Amemkimbia mume anayempiga, na amesema Bukundi ili anayemfuata atafute upande mwingine. Bibi akamwacha alie. Hakumkumbatia, sisi hatukuwa watu wa kukumbatiana. Akamuuliza swali moja tu lililobaki: "Mama yako anajua uko hai?"

Hakuwa anajua. Asubuhi baba, yuleyule aliyetaka kumfukuza, alipanda baiskeli kwenda Kalemela na ujumbe wa mdomo. Mwanamke alikaa kwetu mpaka pamba ikaisha shambani, amekula chungu kimoja na sisi, amelala juu ya pamba na sisi wasichana, na alitufundisha ule wimbo wa samaki. Kaka zake walipokuja kumchukua, nao walisimamishwa langoni wakaulizwa. Walijibu mpaka wakachoka. Miaka mingi baadaye bado tulikuwa tunapata samaki wakavu kutoka ziwani na hatuwajui waliowaleta. Hapo ndipo nilipoielewa ile kauli. Asiyeulizwa analala njaa siyo kwa sababu ananyimwa. Ni kwa sababu hakuna anayejua kwamba ana njaa.

Basi nikainuka kwenye kiti changu, kijana wa angani nikamwacha na mkate wake kotini. Nikamwita rafiki wa mjukuu wangu jikoni. Mjukuu alitaka kufuata, nikamwambia kaa hapo uangalie praivasi.

Msidhani nililainika. Ndoo ya michembe niliiweka katikati yetu, mfuniko nimeutoa. Nikaanza mwanzo kabisa, kama langoni. Wewe ni mtoto wa nani? Akasema. Ukoo gani? Akasema. Kwenu wapi? Akasema Bukundi. Nikamkazia macho, kwa sababu Bukundi hiyo ilishawahi kunidanganya.

"Ng'ombe wenu wananywa wapi?"

Akaniangalia kama aliyesikia mtu akimwita jina lake la utotoni.

"Kiangazi tunachimba mchangani, bibi, kwenye mto uliokauka. Zamu yetu ni baada ya kwa baba mkubwa, ila wake wana fujo, wanabomoa kingo, inabidi tuchimbe upya. Kuna jike moja jeupe linakataa kunywa mpaka uliwekee maji kwenye ndoo, tunaliita Mama Mkubwa kwa sababu lina maringo. Maji yale yana chumvi, ndiyo maana maziwa ya kwetu ni matamu…" Akajirekebisha. "Yalikuwa. Wengi wamekufa na ukame. Baba ameondoka na waliobaki kutafuta malisho."

Huyu alikuwa mtoto wa wafugaji. Ningeapa. Nikauliza yaliyobaki. Anakaa wapi? Chumba cha kupanga alimokuwa anakaa na kupika na wenzake wa shule. Wenzake wamehamia kwa ndugu zao. Unga aliotoka nao nyumbani? Umekwisha. Mwalimu anajua? Hajui. Rafiki yake, mjukuu wangu, anajua?

"Hajawahi kuniuliza, bibi."

Neno hilo liliniuma kuliko michembe.

"Na mama yako?"

"Nikimwambia ataniita nyumbani. Nikirudi, shule ndiyo basi." Akagusa ukingo wa ndoo. "Mimi ndiye niliyekuwa nachukua. Nilikuwa nachukua kidogo, nikidhani hamtaona."

"Mimi huwa naona," nikamwambia.

Lakini machozi ya mtoto siyo ushahidi. Nikamwita mkwe wangu alete simu, tukampigia mama yake palepale, nimsikie mwenyewe. Simu iliita sana. Akapokea. Nikasalimia, "Mwadila, mayu," nikajieleza, mimi ni bibi fulani wa Bariadi, mwanao yuko mbele yangu, ni mzima, ila chakula chake kimekwisha na alikuficha. Nimefikiri ninaweza kumlisha, kama utakubali. Nikangoja anishukuru.

Hakunishukuru. Akaniuliza mimi ni wa ukoo gani. Nikajibu. Nimezaliwa wapi? Sapiwi. Sapiwi kwa nani? Mume wangu alikuwa nani, na alitokea wapi? Humo ndani mwangu kuna vijana wa kiume? Wanalala upande gani? Nani anapika? Tunasali? Mkwe wangu alikuwa ameuma kitenge asicheke. Mimi nimesimama katikati ya jiko langu kama mgeni mwenye furushi, jasho linanitoka, najibu kila kitu. Hata sauti yangu niliisikia imekuwa ya adabu.

Hapo ndipo nilipomwamini mtoto, maana alikuwa na mama.

Wizi niliushughulikia. Kila Jumamosi asubuhi anamenya viazi, anakata, anaanika juani, mpaka ile ndoo ijae kama ilivyokuwa. Shule akitoka anapitia hapa, anakula na wajukuu zangu, na akiwa na njaa anasema ana njaa, kwa mdomo. Alinipigia goti kwa namna ya kwao. Nikamwambia inuka, sakafu ina maji.

Tuliporudi sebuleni tamthilia ilikuwa imeisha. Mjukuu wangu alinisimulia, macho mekundu: kijana alirudi msituni na mkate wake, binti akabaki dirishani analia, wanasema ni mapenzi. Mimi naona ni ukatili. Meza imejaa, mbwa kafungiwa nje, na mtoto wa watu ameondoka na mkate wa kuiba kwenda kuwalisha ndugu zake, kwa kuwa wenye nyumba ni wastaarabu mno hawawezi kumuuliza mama yake yuko wapi. Waandishi wa tamthilia hiyo kama watasoma haya, wamweke bibi mmoja mlangoni. Amuulize kijana: huko juu, ng'ombe wenu wananywa wapi? Tutaona kama hatalia na kusema ukweli wote.

Juzi nilipelekwa Sapiwi kwenye msiba. Manyara ya kwetu yameng'olewa, pamesimama ukuta wa matofali na geti la chuma zuri, linafunguliwa kwa mtu yeyote anayepiga honi. Kigoda sikukiona. Pamba siku hizi hailundikwi tena ndani ya nyumba, na watoto wanalala kwenye magodoro. Magodoro ni mazuri, sisemi vibaya. Ila nilipita getini pale, pale nilipozaliwa mimi, na hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza mimi ni mtoto wa nani. Kijana aliyenifungulia alisema "karibu bibi" bila kuinua macho kwenye simu. Nilikula wali wao nusu, nikaomba nirudishwe.

Nilipofika nyumbani niliwaita wote sebuleni, mwanangu, mkwe wangu na wajukuu, na yule binti wa Bukundi naye akiwa na kisu chake cha viazi mkononi. Nikasimama mbele ya televisheni wasione kitu kingine. Nikawaambia: "Kuanzia leo, yeyote atakayepita geti hili ataulizwa ni mtoto wa nani na amekula nini. Na jibu la pili lisiposikika, hakuna mtu kuwasha hiyo televisheni."